Alexis Carrel: Tabibu aliyejifunza kwa fundi wa kudarizi jinsi ya kushona mishipa ya damu

JUNI 24, 1894, mji wa Lyon nchini Ufaransa ulikuwa umefurika watu. Rais Sadi Carnot alikuwa ameuzuru mji huo kuhudhuria maonyesho makubwa ya biashara, na jioni hiyo, baada ya karamu, alipanda gari la farasi lisilo na paa kuelekea katika jumba la maigizo. Njiani kijana mmoja Mwitaliano wa umri wa miaka 20, Sante Caserio, alijipenyeza katika umati, akalirukia gari na kumdunga Rais kisu tumboni. Madaktari bingwa wa mji waliitwa mbio. Kisu kilikuwa kimepasua ini na kukata mshipa mkubwa unaopeleka damu katika kiungo hicho. Madaktari hao waliujua mshipa huo kwa jina na kwa mahali ulipo, lakini hapakuwa na hata mmoja wao aliyejua namna ya kuushona. Rais alifariki dunia baada ya saa sita za usiku.

Kifo hicho kilizua ghasia. Maduka ya Waitaliano yalivunjwa mjini Lyon, na Caserio mwenyewe alikatwa kichwa mnamo Agosti mwaka huo huo. Lakini kwa mwanafunzi mmoja wa udaktari, aliyebakisha siku nne tu kutimiza miaka 21, swali lililobaki lilikuwa la namna nyingine kabisa. Ikiwa fundi wa nguo huweza kuunga kitambaa kilichoraruka, kwa nini tabibu ashindwe kuunga mshipa? Inasimuliwa kwamba alitangaza waziwazi kuwa Rais angaliweza kuokolewa, jambo lililowaudhi wakubwa wake, kwani waliochemka kando ya kitanda cha Carnot walikuwa miongoni mwa walimu mashuhuri wa upasuaji wa nchi hiyo.

Mwanafunzi huyo ni Alexis Carrel. Kila daktari anayeunga mshipa wa damu leo, awe anapandikiza figo au anaokoa mguu wa mtu aliyepata ajali barabarani, anafuata njia aliyoifungua yeye. Hata yule anayeziba tundu lililotobolewa na skrubu ya chuma iliyotiwa katika uti wa mgongo ni mwanafunzi wake. Na bado jina lake limefutwa katika kuta za chuo kilichomlea. Mambo hayo mawili ni ya maisha ya mtu mmoja, na hayawezi kutenganishwa.

Carrel alizaliwa Juni 28, 1873 katika kitongoji cha Sainte-Foy-lès-Lyon. Babake alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, na alifariki mtoto akiwa bado mdogo mno. Mtoto huyo, ambaye alibatizwa kwa majina mengine, alichukua jina la marehemu babake, Alexis, akalitumia hadi kufa kwake. Alilelewa na mamake, akasomeshwa na mapadri Wajesuiti, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Lyon kusomea udaktari mnamo 1891. Shahada yake ya udaktari aliipata mwaka wa 1900.

Ikumbukwe kwamba Lyon ulikuwa mji wa hariri. Kwa karne nyingi vitambaa vya wafalme na makasisi wa Ulaya vilifumwa na kutiwa nakshi huko, na mafundi wake walikuwa na vidole ambavyo daktari yeyote angevionea wivu. Carrel hakuishia kuwaonea wivu. Alimwendea mmoja wao, Bi Leroudier, fundi wa kudarizi aliyesifika mjini kote, akaketi mbele yake kama mwanagenzi yeyote yule. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtu aliyewahi kumtazama mshonaji wa kofia za kudarizi kule Lamu, jinsi sindano inavyoingia na kutoka katika kitundu kisichozidi punje ya mtama bila ya kukivuta kitambaa, ataelewa kile ambacho Carrel alikifuata kwa mwanamke huyo.

Alitafuta sindano nyembamba kuliko zote zilizouzwa na nyuzi za hariri ambazo zilikaribia kutoonekana kwa macho. Alijizoeza kushona kwenye karatasi, akitia mishono ambayo haikutokeza upande wa pili. Nyuzi na sindano alizipaka mafuta mazito ya mgando ili zipite bila kukwaruza. Upuuzi wa kitoto? Wapo wenzake walioona hivyo. Lakini ndani ya mambo hayo madogo ndimo lilimokuwa jibu.

Yafaa tueleze shida yenyewe ilikuwa nini. Kabla ya hapo, mshipa mkubwa ulipokatika, tabibu alikuwa na njia moja ya hakika: kuufunga kwa uzi pande zote mbili, kama mtu afungavyo mdomo wa gunia. Ambroise Paré, tabibu wa wafalme wa Ufaransa, aliisisitiza njia hiyo tangu karne ya 16. Damu hukoma kumwagika, naam, lakini vilevile hukoma kufika ilikokuwa ikienda. Mguu uliokosa damu huoza, na baada ya siku chache msumeno huitwa. Mgonjwa alinusurika kifo akapoteza kiungo, na ikiwa mshipa uliokatika ulikuwa wa ndani ya kifua au tumbo, hata huko kunusurika hakukuwapo.

Kushona kulikuwa kumejaribiwa. Mjini Chicago, J. B. Murphy aliunga ateri ya paja la mgonjwa mnamo 1896, na huko Lyon kwenyewe Mathieu Jaboulay, mmoja wa walimu wa Carrel, alikuwa akifanya majaribio yake. Tatizo lilikuwa kwamba mishono mingi ilivuja, na isiyovuja iliziba. Utando wa ndani wa mshipa ni laini mithili ya kioo, na damu hupita juu yake bila kushika. Pakiwa na mkwaruzo, uzi uliojitokeza, au ncha ya nyama iliyopinduka kwa ndani, damu hushika hapo ikaganda, na bonge hilo hufunga njia yote. Dawa za kuzuia damu kuganda hazikuwapo. Heparini haikugunduliwa hadi 1916, na ilichukua takriban miaka 20 mingine kabla ya kuanza kutumiwa kwa wagonjwa. Hivyo basi mkono wa mshonaji ulipaswa kuwa safi kiasi kwamba damu yenyewe isitambue kuwa imepita penye mshono.

Ufumbuzi wa Carrel, aliouchapisha katika jarida la matabibu wa Lyon mnamo 1902, ni rahisi hata mtu hushangaa kwamba haukupatikana mapema. Mshipa ni mviringo, na kushona kitu cha mviringo kilicho laini na chenye utelezi ni kazi ngumu, kwa sababu sindano ikizidi kidogo tu hunasa ukuta wa upande wa pili na kuushona mshipa ukafungika. Carrel alitia nyuzi 3 za kushikilia, kila moja kwa umbali sawa na mwenzake, zikiunganisha ncha mbili za mshipa. Msaidizi alipozivuta nyuzi hizo, ule mviringo uligeuka pembetatu. Pande zake zikawa zimenyooka kama pindo la leso, na fundi akashona upande mmoja baada ya mwingine kwa mishono ya kufuatana, bila kuugusa ukuta wa ng'ambo.

Mwaka huo huo wa 1902 likamkuta jambo ambalo lilibadilisha njia ya maisha yake. Alisafiri na garimoshi la wagonjwa waliokuwa wakienda kuhiji Lourdes, mahali ambapo Wakatoliki huamini Bikira Maria alimtokea msichana Bernadette mnamo 1858. Carrel wakati huo hakuwa mtu wa dini. Miongoni mwa wagonjwa alikuwamo mwanamke kijana, Marie Bailly, ambaye tumbo lake lilikuwa limefura kwa ugonjwa uliodhaniwa kuwa kifua kikuu cha tumbo, na Carrel alimwona kuwa mtu wa kufa wakati wowote. Baada ya kumwagiwa maji ya Lourdes, tumbo lilinywea mbele ya macho ya daktari huyo, na kabla ya siku kuisha mgonjwa alikuwa ameketi akizungumza.

Carrel hakutangaza kwamba ni muujiza, na pia hakukana alichokiona. Msimamo huo ulimponza pande zote mbili. Waumini walimwona mwenye shaka, nao wakubwa wa kitivo cha tiba, wengi wao wakiwa watu wasiotaka kusikia habari za dini katika sayansi, walimwona amerukwa na akili. Milango ya kupanda cheo katika hospitali za Lyon ilifungwa mbele yake. Hatujui angekuwa nani iwapo ingefunguliwa. Mnamo 1904 alifunga virago akavuka bahari hadi Canada, akiwa na fikira hata za kuachana na udaktari awe mfugaji wa ng'ombe.

Hakufuga ng'ombe. Kutoka Montreal alikwenda Chicago, na katika chuo kikuu cha mji huo alikutana na Charles Guthrie, mtafiti Mmarekani aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka michache. Kati ya 1904 na 1906 wawili hao walifanya kazi kwa kasi isiyo ya kawaida. Waliunga ateri kwa ateri na ateri kwa vena. Walihamisha figo za mbwa hadi shingoni, zikatoa mkojo. Walipachika tezi, wakapachika hata kiungo kizima. Walichapisha makala mengi pamoja, na wapo wanahistoria wa tiba wanaoshikilia kuwa baadhi ya marekebisho muhimu ya ile njia ya kushona yalitoka kwa Guthrie. Tuzo ilipokuja miaka michache baadaye, jina la Guthrie halikutajwa. Huo ni mwiba wa kwanza katika sifa za Carrel, na si haki kuupita kimya.

Mnamo 1906 alichukuliwa na Taasisi ya Rockefeller ya Utafiti wa Tiba mjini New York, ambako alikaa kwa zaidi ya miaka 30. Huko alijenga ufalme wake. Chumba chake cha upasuaji kilipakwa rangi ya giza, na wasaidizi wake walivaa majoho meusi ili mwanga usimetameta na kuyachosha macho yanayotazama uzi mwembamba kuliko unywele. Yeye mwenyewe, mtu mfupi mwenye miwani, hakuonekana bila kofia yake nyeupe. Usafi aliouhitaji ulipita ule wa hospitali nyingi za wakati huo, maana alikuwa amegundua kwamba uchafu kidogo tu ambao kidonda cha kawaida kingeuvumilia ulitosha kuharibu mshono wa mshipa.

Majaribio yake yalikuwa kwa wanyama, lakini usiku mmoja wa Machi 1908 alibishiwa mlango. Mtoto mchanga wa kike wa daktari mwenzake, mwenye umri wa siku chache tu, alikuwa akitokwa na damu isiyokoma. Siku hizi tunajua kwamba ugonjwa huo huletwa na upungufu wa vitamini K, na watoto wengi huchomwa sindano moja wanapozaliwa ukaisha. Wakati huo haikujulikana. Kuongeza damu kulikuwa hatari kwa sababu iliganda njiani. Carrel alimlaza baba kando ya mwanawe, akafungua ateri ya kifundo cha mkono wa baba na vena ya mguu wa mtoto, mshipa mwembamba kama utambi wa koroboi, akaishona pamoja. Damu ya baba ilipita moja kwa moja hadi kwa mtoto, na ngozi iliyokuwa nyeupe kama karatasi ikaiva rangi. Hapakuwa na kupima makundi ya damu. Ilikuwa bahati, na mkono uliojifunza kwa Bi Leroudier. Mtoto alipona.

Katika miaka hiyo ya New York alifanya mambo ambayo wengine walihitaji nusu karne kuyafikia. Alihifadhi vipande vya mishipa katika baridi na kuvitumia baada ya siku nyingi. Aligundua kwamba ateri ndogo hushoneka vizuri zaidi ikikatwa pamoja na kipande cha ukuta wa mshipa mkubwa inakotokea, na kiraka hicho hadi leo huitwa kwa jina lake na madaktari wanaopandikiza figo. Mnamo 1910 alieleza jinsi alivyojaribu kwa mbwa kupitisha damu kando ya mshipa wa moyo ulioziba. Na mnamo 1912 alitoa ripoti ya mirija ya kioo na ya madini aliyoipachika ndani ya mshipa mkuu wa kifuani, yaani aota, ili kuona iwapo mnyama angeishi na bomba ndani ya mshipa. Baadhi waliishi kwa muda, kisha wakafa. Msomaji asilisahau jaribio hilo, tutalirudia.

Jambo jingine aliloliona ni hili: figo iliyotolewa kwa mbwa na kurudishwa kwa mbwa yule yule ilifanya kazi, bali iliyotoka kwa mbwa mwingine iliharibika hata kama mshono haukuwa na kasoro. Alitambua kwamba kikwazo hakikuwa tena cha fundi bali cha mwili wenyewe kumkataa mgeni. Sababu za kukataa huko zilielezwa na Peter Medawar wa Uingereza katika miaka ya 1940, na ni baada ya hapo, Desemba 1954, ambapo Joseph Murray alipandikiza figo kwa mafanikio mjini Boston, akitumia pacha wanaofanana.

Mwaka wa 1912 Carrel alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kazi yake ya kushona mishipa na kuhamisha viungo. Alikuwa na umri wa miaka 39, na ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo ya tiba kutolewa kwa kazi iliyofanyiwa Marekani. Wafaransa waliomfungia milango walimpokea kwa mikono miwili. Mwaka uliofuata alimwoa Anne de La Meyrie, mjane aliyekuwa na mtoto mmoja wa kiume. Wao wenyewe hawakujaliwa watoto.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mnamo 1914 alikuwa Ufaransa. Alipewa hospitali huko Compiègne, karibu na mstari wa mapigano, na msaada wa fedha kutoka Rockefeller. Ajabu ni kwamba huko ufundi wake wa kushona haukufaa kitu. Vidonda vya mabomu vilijaa udongo na usaha, na mshipa ulioshonwa ndani ya usaha hufumuka. Carrel alielewa kwamba adui wa kwanza ni uchafu. Akishirikiana na mkemia Mwingereza, Henry Dakin, alitengeneza utaratibu wa kuosha vidonda kwa maji yenye klorini kidogo, ndugu wa ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, yaliyopitishwa kwa mipira myembamba hadi ndani ya kidonda kila baada ya saa 2. Miguu na mikono mingi iliokolewa kutoka katika msumeno. Njia hiyo ilisahaulika baada ya kuja kwa penisilini, ingawa maji ya Dakin hayajatoweka kabisa katika wodi za vidonda.

Baada ya vita umaarufu wake ulianza kupanda katika mambo ambayo hayakustahili sana. Tangu Januari 17, 1912 alikuwa amehifadhi katika chupa chembechembe hai zilizotoka katika moyo wa kifaranga ambacho hakijaanguliwa. Zilizaana mwaka baada ya mwaka, na magazeti yaliandika habari za moyo usiokufa. Ziliendelea kutunzwa hadi 1946, miaka 2 baada ya kufa kwake. Kwa sababu ya sifa za Carrel, wataalamu waliamini kwamba chembe ya mwili haina ukomo wa kuzaana. Mnamo 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba ukomo upo. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba lishe iliyotiwa chupani, ambayo ilitengenezwa kwa vifaranga vilivyosagwa, ilikuwa ikileta chembe mpya kila mara. Ikiwa ilikuwa bahati mbaya au zaidi ya hapo, mabishano hayajaisha.

Mnamo 1930 alimpata rafiki asiyetarajiwa, Charles Lindbergh, rubani aliyekuwa wa kwanza kuruka peke yake bila kutua kutoka New York hadi Paris mnamo 1927. Shemeji ya Lindbergh alikuwa na ugonjwa wa moyo, na rubani huyo aliyezoea injini hakuelewa kwa nini moyo usisimamishwe, utengenezwe, kisha uwashwe tena. Kwa pamoja waliunda pampu ya kioo iliyoweza kulisha kiungo kilichotolewa mwilini bila kuingiza vijidudu. Waliitangaza mnamo 1935, na mwaka wa 1938 waliandika kitabu juu yake.

Mwaka huo wa 1935 ndio alioutoa mwenyewe kitabu kilichomwangusha. Kiliitwa kwa Kifaransa *L'Homme, cet inconnu*, kikauzwa kwa wingi mno na kufasiriwa katika lugha nyingi. Ndani yake, pamoja na kurasa za busara kuhusu mwili na akili, Carrel alishikilia kwamba binadamu si sawa, kwamba jamii inapaswa kuwazalisha walio bora na kuwapunguza walio dhaifu, na kwamba wauaji na wahalifu wakubwa, hata wenye wazimu waliotenda uhalifu, wauawe kwa gesi katika vituo vidogo kwa gharama nafuu. Katika dibaji ya toleo la Kijerumani aliisifu serikali ya Hitler kwa hatua ilizochukua dhidi ya watu aliowaita wenye kasoro. Kila msomaji wa leo anajua ni nini kilichofuata katika hospitali za Ujerumani kuanzia 1939, ambako wagonjwa wa akili na walemavu waliuawa kwa maelfu, na kwa gesi. Hakuna ushahidi kwamba kitabu hicho ndicho kilichowaelekeza waliofanya hayo. Lakini mtu aliyekesha usiku kucha kumwokoa mtoto mchanga alikuwa ameandika kwa mkono ule ule kwamba wako watu wasiofaa kuishi. Wapo wanaosema kwamba mawazo hayo yalikuwa ya kawaida zama zile. Yalikuwa yamezagaa, ndiyo, ila wako pia waliokuwa na elimu kama yake na wakayakataa.

Alistaafu kutoka Rockefeller alipofika umri wa lazima. Mnamo 1941, nchi yake ikiwa imekaliwa na Wajerumani, alirudi Ufaransa. Serikali ya Vichy ya Philippe Pétain ilimkabidhi taasisi mpya ya kuchunguza matatizo ya binadamu, akaajiri mamia ya watafiti kuchunguza chakula, makazi, uzazi na idadi ya watu. Baadhi ya kazi hizo zilikuwa na manufaa, na watumishi kadhaa wa taasisi hiyo walihamia katika taasisi ya idadi ya watu iliyoanzishwa na serikali baada ya vita. Hata hivyo, Paris ilipokombolewa Agosti 1944 Carrel alisimamishwa kazi, akituhumiwa kushirikiana na adui. Hakufikishwa mahakamani. Moyo wake ulikuwa umechoka, na alifariki dunia jijini Paris Novemba 5, 1944 akiwa na umri wa miaka 71. Alizikwa katika kisiwa kidogo cha Saint-Gildas pwani ya Brittany, alichokuwa amekinunua zamani. Miaka ya mwisho alikuwa amerudi katika imani ya Kikatoliki.

Mwaka mmoja tu baada ya kifo hicho, mnamo 1945, madaktari wawili wa Marekani, Robert Linton na Paul White, waliandika habari za mgonjwa aliyepasuliwa mgongo ili kuondolewa kisahani kilichofyatuka kati ya pingili. Kifaa cha mpasuaji kilikuwa kimepenya upande wa mbele wa uti na kutoboa ateri na vena kwa pamoja, damu ikawa inapita kutoka mmoja hadi mwingine. Mgonjwa alifunguliwa tena na akapona.

Sababu ya ajali hizo ni maumbile. Aota huteremka ikiwa imeegemea pingili za uti wa mgongo, upande wa kushoto, na karibu na pingili ya nne ya kiuno hugawanyika matawi mawili yanayokwenda miguuni. Vena kubwa ziko hapo hapo, zikiwa na kuta nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Anayefanya kazi mgongoni anazikaribia bila kuziona. Hatari iliongezeka chuma kilipoingia. Mnamo 1963 Raymond Roy-Camille wa Paris alianza kukaza pingili zilizovunjika kwa skrubu zinazopita ndani ya mfupa kutoka nyuma, na njia hiyo imewawezesha watu wasiohesabika kusimama tena. Madhara ya mishipa ni nadra. Lakini skrubu iliyozidi urefu kidogo, au iliyokwenda kombo, huweza kutokeza ncha mbele ya mfupa na kuigusa aota.

Wakati mwingine damu humwagika papo hapo. Mara nyingine, na hili ndilo la kutisha, hakuna kinachoonekana. Aota hupiga juu ya ncha ya chuma mara 70 kwa dakika, mchana na usiku, na ukuta wake hulika polepole. Mgonjwa anaweza kukaa miezi au miaka bila maumivu, hadi picha iliyopigwa kwa sababu nyingine kabisa ifichue. Kuing'oa skrubu hiyo hivi hivi ni hatari, kwa kuwa huenda chuma chenyewe ndicho kinachoziba tundu.

Siku hizi madaktari wengi hupitia kinenani. Hupenyeza ndani ya ateri ya paja mrija wa kitambaa uliokunjwa na wenye waya, wakausukuma hadi mahali penye jeraha na kuukunjua, ukalifunika tundu kwa ndani, kisha skrubu huondolewa kutoka nyuma huku wakitazama katika picha kama damu inavuja. Mirija ya aina hiyo ilianza kutumiwa kwa binadamu na Nikolai Volodos mjini Kharkiv mnamo 1987 na Juan Parodi mjini Buenos Aires mnamo 1990. Ni lile bomba ndani ya aota ambalo Carrel alilijaribu kwa mbwa mnamo 1912, akiwa hana kitambaa kinachofaa, hana mashine ya picha, wala dawa ya kuzuia damu kuganda.

Lakini vena ikichanika, au mrija usipofaa, tumbo hufunguliwa, kidole hugandamizwa juu ya tundu, na mtu huomba sindano. Hilo pia halikukubaliwa haraka. Katika Vita Vikuu vya Pili, miaka 30 baada ya ile Nobel, Michael DeBakey na Fiorindo Simeone walihesabu majeraha 2,471 ya ateri miongoni mwa wanajeshi wa Marekani na kukuta kwamba ni 81 tu yaliyoshonwa. Karibu nusu ya waliofungwa mshipa walikatwa kiungo. Ni katika vita vya Korea, kuanzia 1950, ambapo kushona kulifanywa kuwa kanuni, na waliokatwa viungo wakapungua hadi takriban 13 kwa kila 100.

Mjini Lyon, kitivo cha tiba kilichokuwa kimepewa jina la Alexis Carrel kilibadilishwa jina mnamo 1996, baada ya mjadala mrefu kuhusu kile kitabu cha 1935. Kikapewa jina la Laennec, aliyevumbua chombo cha kusikilizia kifua. Mitaa iliyoitwa Carrel katika miji kadhaa ya Ufaransa nayo ilipata majina mapya. Wanafunzi wa kitivo hicho wanaendelea kufundishwa kuunga mishipa ya damu, siku hizi kwa uzi wa plastiki badala ya hariri, na wakianza kwa zile nyuzi za kushikilia.